Tumbo si ghala

Maoni ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya chakula. Najua wapo watakaouliza: dunia ina vita, nchi ina siasa, bei ya pamba haijatulia, na mtangazaji anatuletea habari za ugali? Naam, naleta habari za ugali, maana vita na siasa vyote hupiganwa na watu waliokula au waliokosa kula.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikwenda nyumbani Bariadi kumsalimu mama. Nilimkuta uani anapepeta dengu. Ulikuwa wakati wa mavuno, na magunia matatu yalikuwa tayari yameshonwa midomo, yanasubiri mnunuzi. Baada ya kuamkiana na kuulizana habari za mvua na za ndugu, mama akaweka ungo chini akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma magazeti kila siku, hebu niambie. Hivi hawa Wahindi, dengu zetu zote hizi wanazifanyia nini? Jirani yako hapa anasema wanatengenezea rangi ya magari."

Nikamjibu: "Wanakula, mama."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Magunia yote hayo? Malori na malori? Wanakula tu?"

"Wanakula tu, mama."

Kicheko kile nilirudi nacho mjini, lakini hakikunichekesha kwa muda mrefu. Wiki ileile nilipita zahanati kupimwa, nikaambiwa nina shinikizo la damu, hiyo tunayoiita presha. Muuguzi aliyenipima alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa nikiwa kijana, lakini alinisema kama mama mzazi: punguza chumvi, punguza mafuta, acha sembe ule dona, kula mboga za majani, kula mikunde. Nikamwuliza mikunde gani. Akasema: "Baba, si choroko, dengu, kunde? Nyinyi wa Simiyu ndio mnaotulisha wengine." Hapo nikanyamaza. Dawa niliyoandikiwa na muuguzi ilikuwa katika magunia yale matatu uani kwa mama, yanayosubiri lori.

Niliporudi Mwanza nilimsimulia kisa hiki rafiki yangu mmoja mwenye duka, ambaye babu zake walitoka Gujarati na ambaye hali nyama tangu azaliwe. Yeye hakucheka. Alisema kwao chakula ni sehemu ya ibada na ni sehemu ya yoga. Mimi, kama wengi wenu, nilidhani yoga ni kujikunja kama kambale mkavu na kusimama kichwa chini miguu juu. Rafiki yangu akaniambia kwamba kujikunja ni mlango mmoja tu wa nyumba hiyo, na kwamba jiko nalo limo ndani yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na leo nawaleteeni niliyoyapata, pamoja na niliyoyakumbuka ya kwetu.

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na asili yake ni kuunganisha, kama mkulima wa Bariadi anavyowafunga ng'ombe wawili katika nira moja ili walime mfuo mmoja. Wanaofungwa nira hapa ni mwili na akili. Na wale wazee wa India waliona tangu zamani kwamba ng'ombe mmoja akishiba kupita kiasi na mwingine akiwa na njaa, jembe haliendi.

Katika Bhagavad Gita, kitabu kitukufu cha Wahindu ambacho kina umri wa yapata miaka 2,000, imo sura ya sita inayosema kwa maana hii: yoga haimfai mlafi, wala haimfai anayejinyima chakula kabisa, haimfai anayelala mno, wala anayekesha mno. Katika sura ya 17 chakula kinagawanywa mafungu matatu. La kwanza ni chakula kinachotuliza na kuongeza uhai, nguvu na afya: kitamu cha kiasi, laini, chenye lishe. La pili ni chakula kinachochochea: kikali, chenye chumvi nyingi, uchachu mwingi, pilipili ya kuunguza, nacho mwisho wake ni maumivu na maradhi. La tatu ni chakula kinacholemaza: kilicholala, kilichopoteza ladha, kilichochacha, makombo. Wenyewe mafungu hayo huyaita satva, rajasi na tamasi.

Karne nyingi baadaye, katika karne ya 15, mwalimu aitwaye Svatmarama aliandika Hatha Yoga Pradipika, kitabu ambacho mpaka leo watu wa yoga wanakitegemea. Humo anafundisha kula kwa kiasi, na kuacha robo ya tumbo wazi. Kitabu kingine cha baadaye, Gheranda Samhita, kinafafanua hesabu hiyo: nusu ya tumbo iwe ya chakula, robo iwe ya maji, na robo iliyobaki iachwe kwa ajili ya hewa kupita. Ndugu zetu Waislamu watakuwa wameshatikisa kichwa, kwa sababu wanayo hadithi ya Mtume isemayo theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Watu wawili waliosoma vyuo tofauti wakija na jibu linalokaribiana, mwenye akili hulitazama jibu hilo mara mbili.

Sasa sikilizeni orodha ya vyakula anavyovisifu Svatmarama: ngano, mchele, shayiri, maziwa, samli, asali, tangawizi kavu, na choroko. Ndiyo, choroko. Gheranda Samhita kinazitaja choroko na kuziongeza dengu. Basi, mama, lile swali lako lina jibu la miaka mia kadhaa. Zile punje zinazopepetwa uani Bariadi zimo katika vitabu vya watawa wa India kama chakula cha mtu anayetaka mwili mwepesi na akili iliyotulia. Hakuna rangi ya gari iliyotajwa humo.

Hata hivyo sikuleta habari hizi ili tuanze kuona haya mbele ya wageni. Nimezileta kwa sababu niliposoma mambo ya kiasi, ya chakula kipya, ya kula kwa utulivu na kwa majira, nilijiona nimekaa shikome kwa babu.

Kwa wasikilizaji wasio Wasukuma: shikome ni pale penye moto wa jioni nje ya nyumba, wanaume na vijana wa kaya walipokusanyika kuota moto, kula, kusimuliwa na kufundishwa. Mimi niliukuta utaratibu huo ukielekea ukingoni, katika miaka ya 1980, lakini niliukuta. Chakula kililetwa katika chombo kimoja. Mikono ilinawishwa. Mzee ndiye aliyemega tonge la kwanza. Kijana aliyekata tonge kubwa kama ngumi alitazamwa tu, na jicho lile lilitosha. Hapakuwa na kula huku umesimama, wala huku unatembea. Bibi yangu alikuwa na neno lake alilomwambia mjukuu aliyeomba aongezewe mara ya tatu: "Tumbo si ghala. Huwezi kulijaza leo ule kesho."

Na lililoletwa shikome lilikuwa nini? Nchi ya Ntuzu, ambayo leo ndiyo Bariadi, pamoja na Itilima, Kanadi na Meatu, ilikuwa nchi ya mtama na uwele. Afisa kilimo Mwingereza, Rounce, aliyeandika kitabu juu ya kilimo cha Usukuma mwaka 1949, alikuta watu wanaojua udongo wao kwa majina: luseni ni mchanga wa mlimani, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, na kila mmoja una zao lake. Ugali ulikuwa wa mtama au uwele, uliosagwa kwa jiwe na pumba zake. Mboga ilikuwa mlenda, kunde, au nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa. Palikuwa na njugu mawe. Palikuwa na maziwa mgando na samli. Baada ya mavuno ya viazi vitamu, akina mama walivikata na kuvianika vikawa michembe, au wakavichemsha kwanza ndipo wakavianika vikawa matobolwa, akiba ya miezi ya njaa. Nyama ilikuwapo, maana Msukuma ni mfugaji, lakini ng'ombe alikuwa benki, mahari na heshima. Alichinjwa kwa msiba, kwa arusi, kwa tambiko au alipovunjika mguu. Mtu hakuchinja ng'ombe kwa sababu ni Jumamosi.

Wapendwa, nisije nikaeleweka vibaya. Babu zetu hawakuwa watu wa yoga, wala hawakuwa wala majani tu. Na maisha yao hayakuwa pepo. Mvua ilipokatika walikufa njaa, na ndiyo sababu watemi waliweka maghala ya nafaka kwa ajili ya miaka mibaya. Kiasi chao mara nyingi kililetwa na uhaba. Lakini katika uhaba huo walijenga sahani ambayo daktari wa leo akiitazama atasema: nafaka isiyokobolewa, mikunde, majani, karanga, maziwa kidogo, nyama mara chache. Sukari hakuna. Chumvi haba. Mtawa wa India na mzee wa Ntuzu walifika kisima kimoja, kila mmoja kwa njia yake.

Ni nini basi kilichotutoa kisimani?

Jambo la kwanza ni pamba. Wajerumani waliileta, Waingereza wakaisambaza, na kwa miaka ya 1950 Usukuma wote ulikuwa umegeuka mweupe. Simulizi yake ni ya fahari pia: wakulima walijiunga, ushirika ukakua, na mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions ikaundwa, ikiongozwa na Paul Bomani, ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Pamba ilijenga shule, na karo yangu mimi ilitoka katika pamba. Lakini pamba hutaka mikono ya palizi katika miezi ileile ambayo mtama na uwele unaitaka. Nyumba yenye mikono sita haiwezi kupalilia mashamba mawili kwa siku moja. Tena dawa ya wadudu ilipoanza kupulizwa, ule mlenda na zile mboga za porini zilizojiotea kati ya mistari ya pamba hazikuwa salama kuchumwa.

La pili ni ndege na shule. Mtama na uwele vinataka mtu wa kuwinga kweleakwelea tangu alfajiri, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Watoto walipokwenda darasani, kama ilivyowapasa, shamba la uwele lilibaki bila mlinzi. Mahindi yamejivika maganda yake, hayahitaji mtoto wa kuyalinda kutwa. Kwa hiyo mwanamke aliyeacha uwele akapanda mahindi hakuwa mjinga. Alipiga hesabu yake vizuri.

La tatu ni njaa ya miaka ya 1970. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Katika kipindi hicho hicho ukame ukapiga. Nchi ikanunua mahindi nje, mengine yakiwa ya njano, na watu kwa utani wao wakayaita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Mama anaukumbuka mpaka leo. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likawa ndilo mama wa nafaka, na chakula cha taifa kikawa sembe. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo alikua akijua kwamba ugali mweupe ni wa mstaarabu, na ugali mweusi wa mtama ni wa mtu aliyeshindwa maisha. Hapo ndipo mashine za kukoboa zilipopata kazi. Tunamlipa mtu fedha atuondolee pumba na kiini, ambamo ndimo vitamini na nyuzi nyingi zilimo, kisha pumba ile tunampa kuku. Kuku wananawiri.

La nne limekuja juzi juzi: soda, mafuta ya dumu, chipsi, chai yenye vijiko vinne vya sukari, na viungo vya vipakiti vya kutia kila mchuzi, ambavyo sehemu yao kubwa ni chumvi. Lile fungu la pili la Gita, chakula cha kuchochea, sasa liko kila kona ya stendi. Na lile fungu la tatu, chakula kilicholala, tunalipasha moto asubuhi tukaliita kiporo na kulisifia.

Matokeo yake tunayaona. Katika miaka ya 1980 watafiti walioongozwa na Profesa McLarty walipima watu katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, hao Mara ni majirani zetu kabisa. Waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta wenye kisukari ni kama 9 katika kila 100, na wenye shinikizo la damu ni kama 26. Najua vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa: umri wa waliopimwa ni tofauti, na mmoja ulikuwa wa vijijini tu. Lakini hata ukitoa punguzo la haki, mlima umepandwa. Mimi ni mmoja wa wale 26.

Na upande wa pili wa sahani hiyohiyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Yaani katika nchi moja, na wakati mwingine katika nyumba moja, baba anaumwa maradhi ya shibe na mtoto anaumwa maradhi ya upungufu.

Hapa ndipo nataka turudi kwenye magunia ya mama.

Wahindi hawakuja Usukuma jana. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara walivuka ziwa wakafika Mwanza, na kutoka hapo wakasambaa na maduka mpaka kwenye vituo vya ndani. Vinu vingi vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwao kabla ya ushirika kushika nafasi. Miongoni mwao walikuwamo Wahindu na Wajaini ambao hawakuonja nyama, na Wajaini washika dini hawali hata baada ya jua kuzama. Sisi tuliwatazama kwa mshangao. Ipo ile methali isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa. Si methali ya heshima, lakini inasema kweli moja juu yetu wasemaji: tulikuwa tayari kuchukua kitu cha mtu bila kumwuliza hekima yake. Tukachukua chapati, tukachukua sambusa, tukachukua bagia na chai ya viungo. Vile vilivyokaangwa na vilivyotiwa sukari tulivipokea kwa mikono miwili. Ule mlo wao wa kila siku wa nyumbani, mchele na choroko uliopikwa pamoja ukalainika, ambao humpa hata mgonjwa na mtoto anayeachishwa ziwa, tuliuacha jikoni kwao.

Na kumbe ardhi yetu ndiyo inayouotesha. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji kama chungu. Mvua za masika zinapokaribia kwisha, wakulima wa Bariadi, Maswa, Meatu na majirani wa Kishapu hupanda dengu, nazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kudai mvua nyingine. Mikunde hurudisha rutuba katika udongo. Gramu 100 za choroko kavu zina protini kama gramu 24, na dengu kama gramu 20, wakati mahindi hayafiki kumi na moja. Tena protini ya nafaka ina upungufu ambao protini ya mikunde inaujaza, na ya mikunde ina upungufu ambao nafaka inaujaza. Kwa hiyo sahani ya ugali wa dona kwa choroko, au wali kwa dengu, humpa asiye na uwezo wa nyama sehemu kubwa ya kile ambacho nyama ingempa.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Mkulima anauza gunia lote, mpaka la mbegu, kwa bei aliyopangiwa na mwingine, halafu mtoto wake anakula ugali wa sembe kwa mchuzi wa maji na chumvi. Soko lenyewe lina tabia ya upepo. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ya mbaazi hapa kwetu ilianguka, na wakulima wengi walibaki na magunia ndani. Mbaazi ile ilikuwa chakula. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumeshaifanya bidhaa tu, iliposhindikana kuuzwa wengi waliiona kuwa hasara, hawakuiona kuwa chakula. Hatari ya kusahau kula kile unacholima ni hiyo: mnunuzi akikataa, unabaki na njaa huku umelalia gunia.

Nisikilizeni vizuri, simwambii mkulima asiuze. Karo haipokewi kwa bakuli la dengu. Nasema asiuze zote. Umoja wa Mataifa ulitenga mwaka 2016 kuwa mwaka wa mikunde, na mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka zile ndogo za jamii ya mtama, uwele na ulezi. Aliyependekeza huo wa 2023 ni India. Nchi ambayo tunaiuzia dengu ilisimama mbele ya mataifa kuusifu uwele, ule ule tuliouonea haya. Na ndio hao hao waliopendekeza siku ya yoga duniani, Juni 21, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa mwaka 2014. Mwenzetu amejua thamani ya cha kwake mpaka ameitangaza duniani. Sisi cha kwetu tunakificha mgeni akibisha hodi.

Kabla sijamaliza, yapo ya kutahadhari. Vitabu vile vya yoga viliandikwa kwa ajili ya watawa, si kwa mama mjamzito wala kijana anayebeba matofali. Svatmarama anakataza mambo mengi: vitunguu saumu, maziwa ya mtindi, ufuta, na hata mboga za majani nyingi. Tukimfuata neno kwa neno tutaacha mlenda na maziwa mgando, na hiyo itakuwa hasara. Mtoto mdogo na mama anayenyonyesha, yai, dagaa na maziwa viwafikie. Mwenye kisukari au presha asitupe vidonge kwa sababu amesikia habari za choroko redioni. Mimi mwenyewe vyangu nameza kila asubuhi. Na kumhubiria kiasi mtu ambaye hajala tangu jana ni matusi. Neno la kiasi ni letu sisi wenye sahani iliyojaa, sisi wa mjini tunaosoma gazeti hili tukiwa na chipsi mkono wa pili.

Basi tuchukue nini? Tuchukue yale ambayo mtawa na bibi wanakubaliana. Kula kabla hujazidiwa na njaa, na acha kabla hujashiba kabisa. Ile robo iache wazi. Kula chakula kilichopikwa leo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, nayo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vipakiti. Dona, mtama na uwele virudi mezani walau siku kadhaa za wiki. Mikunde isikose. Chakula cha jioni kiliwe mapema, kiwe chepesi. Na zima simu, zima hata redio hii, mle pamoja mkitazamana. Akili iliyogombana haisagi chakula vizuri. Hilo hata shikome walilijua, ndiyo maana kesi zilisikilizwa baada ya kula.

Mwaka huu nilikwenda tena Bariadi mwezi wa nane. Mama hakunisubiri niulize. Magunia mawili yalikwishauzwa. La tatu lilikuwa ndani, pembeni ya kitanda chake, limefunguliwa mdomo. Usiku ule tulikula ugali wa mtama kwa dengu zilizopikwa na karanga, akanitazama ninavyotafuna.

"Kweli zinalika," akasema. "Lakini mwanangu, chumvi haitoshi."

Nikamwambia inatosha, mama. Akanitazama kwa lile jicho la shikome, kisha akacheka. Wabeja, mama.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.